Sekunde kumi na moja za ng'ombe Shilingi

Saa tatu asubuhi, jua la Kasokola limeshashika mabati, na Mzee Manyanda Luhende yuko chini katikati ya ua wake, magoti na viwiko ardhini. Ana miaka sabini na mmoja. Koti lake la kijivu limetundikwa kwenye nguzo ya zizi na fimbo imelazwa kando yake. Anavuta pumzi, kisha anainua makalio kwanza, taratibu, kichwa kikiwa bado kimeinama kama cha mtu anayenusa vumbi.

Anabaki hivyohivyo. Kuku mmoja anapita mbele ya pua yake, na yeye hatikisiki.

"Hapa," anasema kutoka hukohuko chini. "Hapa alikaa sana. Usimharakishe."

Hatua mbili mbele yake amechuchumaa binti yake, Hana Manyanda, mwenye miaka thelathini na mitatu, simu mkononi, anarekodi. Hacheki. Mzee anatanguliza mkono wa kulia, anaufuatisha wa kushoto, halafu anasimama, magoti yakilia kama mlango mkavu. Hana anampa pole. Halafu, kwa sauti ya chini ya mtu anayejua anaomba kikubwa, anamwomba arudie.

Nyuma ya uzio anapita jirani yao, Specioza, ndoo ya maji kichwani. Familia yake imelima hapa Kasokola tangu enzi za babu zake, na kwa Wasukuma waliokuja na ng'ombe hana haya hata kidogo.

"Mwangaluka, mzee," anasalimia kwa Kisukuma cha kuazima. Anatazama kidogo. "Nyie watu, ng'ombe mmeuza mkamaliza, sasa mnageuka ng'ombe nyie wenyewe?"

"Pita, mama," Mzee Manyanda anajibu, akishuka tena magotini. "Ukisimama hapo sana nitakuswaga zizini na wewe."

Specioza anaondoka akicheka, maji yakimwagika begani. Hana ananyoosha simu. Mzee anainua makalio.

Kwa anayepita njiani, huu ni wazimu wa baba na binti. Kwa Hana, hiyo ndiyo kazi. Ni msanii wa michoro ya kompyuta na animesheni, zile picha zinazotembea ambazo Mpanda nzima huziita katuni. Anatengeneza filamu ya dakika saba kuhusu safari ya miguu aliyoifanya baba yake mwaka 1988, na ng'ombe arobaini na wawili, kutoka upande wa Kahama hadi hapa. Anataka kuimaliza baba yake angali anaona.

Hilo la mwisho ndilo linalomnyima raha. Mwaka jana daktari wa macho aliwaambia kuwa mzee ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia bado linaona, lakini kwa kipande, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Matone anayowekewa kila siku yanapunguza mwendo wa ugonjwa, hayaurudishi nyuma. Daktari hakutaja tarehe. Hana alimuuliza mara mbili, na mara zote mbili hakutaja.

Ukitaka kujua binti wa mfugaji alifikaje kwenye kompyuta, inabidi urudi kwenye kona ya daftari la hesabu.

Hana alizaliwa wa tatu katika nyumba ya mabinti watupu, miaka minne baada ya safari ile. Kwa kuwa wa kiume hawakuwapo, ndama alichunga yeye. Alichunga miaka sita, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, na saa za kukaa chini ya jua akingoja ndama washibe ndizo zilizomfundisha kutazama. Alijua ndama mwenye njaa anatembeaje na aliyeshiba anatembeaje. Alijua sikio lipi hutangulia kugeuka nzi akitua.

Akiwa darasa la tano alianza kuchora ndama kwenye kona ya chini ya daftari, kila ukurasa ndama mmoja, kila mmoja amesogea kidogo kuliko wa ukurasa uliopita. Ukizipeperusha kurasa kwa kidole gumba, ndama alitembea. Mwalimu wake, Gaudensia, alimkamata nalo katikati ya kipindi, akalichukua, akamwamuru asimame mbele ya darasa.

"Nikajua leo nimekwisha," Hana anakumbuka. "Mwalimu akapeperusha mara moja. Akatulia. Akapeperusha tena. Nilisimama pale mpaka kengele ikalia, yeye yuko na ndama wangu. Fimbo sikupigwa, ila daftari hakunirudishia mpaka leo."

Nyumbani hawakuona ajabu hiyo. Mzee Manyanda hakuwa mkali, lakini alikuwa na dharau tulivu inayouma kuliko kiboko. Alimwambia binti yake kuwa anachora ng'ombe ilhali ng'ombe wenyewe wanakunywa tope. Akasema hivyo siku moja, akasema tena mwaka uliofuata, na kila aliposema Hana aliinuka kwenda kuchota maji, na aliporudi alichora.

Matokeo ya kidato cha nne hayakumpeleka mbali zaidi ya Mpanda mjini. Alipata kibarua kwenye steshenari ya Cletus, mwanamume mnene, mcheshi, aliyekuwa na kompyuta mbili, mashine moja ya kutolea kopi, na feni iliyogeuka upande mmoja tu, upande wa Cletus. Mshahara ulikuwa shilingi elfu themanini kwa mwezi. Hana anapoitaja steshenari ile sauti yake inalegea, na mikono yake inaanza kuonyesha mpangilio wa chumba: hapa meza, hapa benchi la wateja, hapa kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyeitoa.

Mpanda ilipita yote kwenye benchi lile. Walikuja wa kadi za harusi, walikuja wa vitambulisho, walikuja wa mabango ya saluni. Na walikuja waliofiwa, wakiwa wameshika picha moja ya marehemu, mara nyingi ndogo, imekunjwa katikati, marehemu yuko na fulana ya shambani. Waliomba avalishwe suti.

"Nimevalisha suti wazee wengi wa mkoa huu," anasema Hana. "Suti ilikuwa moja tu, ya bluu, Cletus aliipata sijui wapi. Kuna mwaka ukienda kwenye matanga matatu, marehemu wote watatu wamevaa suti yangu."

Anacheka, halafu anaacha. Anasema kazi ile ilimfundisha heshima. Mama mmoja kutoka Ugalla, mke wa mrina asali, aliikataa suti. Alitaka mumewe abaki na shati lake lililotobolewa na cheche za moshi wa mizinga, ila atolewe ule mkunjo wa karatasi uliompita usoni. Hana alikaa na uso ule siku mbili, nukta kwa nukta. Mama yule alipouona alikaa kwenye benchi hadi jioni, na Cletus, ambaye hakupenda benchi likaliwe bure, hakumwambia kitu.

Kisha zikaja kwaya. Ilikuwa miaka ambayo kila kwaya ya Katavi ilitaka video, na kila video ilitaka mbingu. Wanakwaya walirekodiwa wakiimba kando ya barabara, na Hana akawahamishia mawinguni kwa kompyuta. Kwa video moja walimlipa laki moja na nusu. Mwalimu mmoja wa kwaya akaagiza pia njiwa, arukaye kutoka kulia kwenda kushoto wakati wa kiitikio. Huyo njiwa ndiye kiumbe wa kwanza aliyepewa uhai na Hana ndani ya kompyuta, na alikuwa kiumbe wa kutia huruma, maana mabawa yalipiga kwenda juu kwa nguvu na kushuka bila nguvu, ikawa kama anayepunga watu kwaheri.

Video ilizinduliwa, watu wakatoa sadaka, wakalia. Hakuna aliyemlaumu njiwa. Lakini Hana alitoka pale akiwa amekereka. Kesho yake alinunua bando, akashusha masomo ya animesheni, akaanza kujifunza peke yake kwa Kiingereza cha kuokoteza, akisimamisha video kila neno na kufungua kamusi. Hakuna chuo kilichompa cheti. Hakuna mtu aliyemshika mkono. Leo wapo wanaosema Mpanda hakuna kitu isipokuwa karanga, mahindi na vumbi. Waende Makanyagio, wapige hodi kwenye chumba cha mbele chenye pazia la kijani, waone.

Katika chumba hicho, alichopanga miaka tisa iliyopita baada ya kuagana vizuri na Cletus, Hana ametengeneza matangazo ya maduka, masomo ya afya kwa ajili ya zahanati, na katuni ya nyuki inayowafundisha warina asali kuacha chakula kidogo mzingani. Mwezi mzuri unampa kama laki sita. Mwezi mbaya unampa kodi ya chumba na salamu.

Na humo ndimo alimoanza filamu ya safari ya 1988.

Alikua akiisikia wakati wa kukamua. Mzee Manyanda hakuwa msimuliaji wa kukaa kitini. Alisimulia akiwa amechuchumaa chini ya ng'ombe, paji la uso likigusa ubavu, maneno yakienda na mlio wa maziwa ndooni. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Ukame uliwafukuza. Yeye na kaka yake waliwaswaga ng'ombe kwa wiki saba, wakapita Urambo, wakashika pori kuelekea mto Ugalla. Mbele ya kundi alikuwa ng'ombe jike aliyeitwa Shilingi, kwa sababu ya duara jeupe kwenye paji la uso. Shilingi alivaa kengele. Alikokwenda Shilingi, arobaini na mmoja walifuata.

Walifika ukingoni mwa Ugalla mwishoni mwa Novemba, mawingu yameshajaa. Mto ulikuwa bado unavukika, lakini kwa siku hiyo au ya pili yake. Nyuma yao kulikuwa na pori la mbung'o. Na hapo, kwenye mchanga wa ukingo, Shilingi alilala chini akakataa kuamka.

Walimsukuma. Walimvuta mkia. Kaka mtu akaokota fimbo, na Manyanda akamzuia. Akakaa chini kando ya ng'ombe, mgongo wake kwenye mgongo wa ng'ombe, kuanzia asubuhi hadi jua likapita utosini. Hakusema naye kitu. Mchana Shilingi akakunja miguu ya mbele, akainua makalio, akapumzika juu ya magoti yake kama anayesali, muda mrefu, halafu akasimama, akaingia majini. Wote wakamfuata. Walifika Mpanda wakiwa na thelathini na wanane. Ng'ombe sita waliobaki leo kwenye zizi la Kasokola wote ni uzao wa Shilingi.

Filamu ya Hana yote inangoja pale ukingoni. Kila hatua ya wiki saba inakwenda kuishia kwa ng'ombe mmoja aliyelala, na swali ni kama ataamka.

Mwezi Machi mwaka huu ilikuwa karibu imalizike. Kituo kimoja cha televisheni cha Dar es Salaam kiliona vipande vyake mtandaoni, kikaitaka kwa kipindi cha watoto, kikaahidi milioni tatu, kazi ifike mwisho wa mwezi. Hana hakuwa amemwonyesha baba yake hata picha moja. Alitaka aje aione nzima, ashangae. Jumapili moja kabla ya kuituma alibeba kompyuta hadi Kasokola, akaiweka kwenye kigoda, akamkalisha mzee upande ambao jicho linaona.

Mzee alitazama kimya. Alitazama Kahama, alitazama vumbi, alitazama Urambo. Kimya chake kilikuwa kizuri, Hana anasema, alianza kuamini. Ukafika ukingo wa Ugalla. Shilingi akalala. Shilingi akanyoosha miguu ya mbele, akainua kifua, kisha akainua makalio, akasimama.

Mzee Manyanda akaanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, akaletewa maji.

"Mwanangu," alisema alipopata pumzi, "huyo ni punda."

Alikuwa punda. Au farasi, ambayo kwa hesabu ya zizi ni yaleyale. Kiumbe wa kompyuta kabla hajatembea hutiwa mifupa, na kutengeneza mifupa tangu mwanzo ni kazi ya wiki nyingi. Hana alikuwa ameshusha mifupa iliyo tayari, ya farasi, kutoka mtandaoni. Akaiongezea pembe na nundu, akaipaka rangi. Kutembea, ilitembea vizuri. Lakini farasi huamka kwa miguu ya mbele, na ng'ombe huamka kwa ya nyuma. Kila mtoto aliyechunga anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu.

"Nimechunga ndama miaka sita," Hana anasema, na hapa anatazama pembeni. "Nimewaona wakiamka kila asubuhi ya Mungu. Halafu nikaja kumwamini mtu wa mtandaoni ambaye hata harufu ya zizi haijui. Baba alinicheka, na mimi niliona haya kiasi kwamba nilifunga kompyuta nikaondoka bila kuaga."

Aliwaandikia wa Dar es Salaam kuwa filamu haijawa tayari. Walimjibu kwa upole kwamba hakuna mtazamaji atakayegundua. Alikataa. Walichukua kazi ya mtu mwingine.

"Walikuwa na haki," anasema. "Asiyejua asingejua. Lakini mimi simtengenezei asiyejua."

Siku ya tatu baada ya kicheko kile, bodaboda ilisimama mbele ya chumba cha Makanyagio. Mzee Manyanda akashuka kwa kupapasa, mkono mmoja fimbo, mkono mwingine bega la dereva. Katika miaka tisa hakuwahi kukanyaga pale. Alisimama mlangoni hadi jicho lake lilipozoea kiza cha ndani. Hakusema habari ya kicheko, wala hakuomba radhi, kwa sababu wazee wa kabila lake hawana desturi hiyo kwa watoto wao. Alivua kofia.

"Toa hicho kiti katikati," alisema. "Nikuonyeshe alivyoamka."

Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

Tangu siku hiyo ndivyo wanavyofanya kazi. Hana angeweza kumrekodi ng'ombe yeyote zizini, na alijaribu, lakini mzee alimkatalia. Ng'ombe wa zizini anaamka akijua majani yako wapi. Shilingi aliamka amechoka wiki saba. Ni mtu mmoja tu aliye hai aliyeuhisi mgongo ule ukiinuka kwenye mgongo wake mwenyewe. Kaka yake alishafariki. Kwa hiyo mzee anakuwa Shilingi, na Hana anarekodi, anarudi Makanyagio, anapanga picha ishirini na nne kwa kila sekunde moja ya kuamka. Safari hii mifupa ameitengeneza mwenyewe, mfupa kwa mfupa, kwa kuwapapasa ng'ombe wa nyumbani viungo. Kuamka kote ni sekunde kumi na moja. Kumemchukua miezi minne.

Na kila anaporudi Kasokola anakuta bomba la jicho limezidi kuwa jembamba. Mwezi Mei mzee aliuona mlango wote. Mwezi Julai aliona kitasa.

Jumapili ya wiki iliyofuata ile asubuhi ya uani, Hana anakuja na sekunde zake kumi na moja. Ni mchana. Anaziba dirisha kwa kanga ili mwanga usishindane na kioo, anaweka kompyuta juu ya kigoda, anamsogeza baba yake karibu hadi pua inakaribia kugusa. Specioza naye amekuja, akisema ameleta mboga, na amesimama mlangoni na mboga zake mkononi.

Hana anabonyeza. Shilingi yuko kwenye mchanga. Sikio la kushoto linageuka, nzi anaruka. Miguu ya mbele inakunjwa, makalio yanapanda, na ng'ombe anabaki juu ya magoti yake, ubavu ukipanda na kushuka, kengele imetulia.

Mzee anaomba irudiwe. Inarudiwa. Anaomba tena, na Hana anairudisha mwanzo.

Mara ya tatu, Shilingi akiwa magotini, Mzee Manyanda anaweka vidole viwili mdomoni na kupiga mluzi. Ni mluzi mfupi, wa chini, unaokatika mwishoni. Hana anaujua. Ndio ule wa kuliambia kundi kwamba sasa twende.

Ndani ya kompyuta Shilingi anasimama. Nje, ng'ombe sita wa zizini wanageuza vichwa kuelekea nyumbani.

Specioza, ambaye hakosi la kusema, anaweka mboga chini.

Zimebaki dakika mbili na nusu za filamu za kurudia kwa mifupa mipya, mto wote, na ng'ombe arobaini na mmoja wa kufuata nyuma. Hana amepunguza kazi za wateja kusudi apate siku nne za wiki kwa ajili hiyo. Ikikamilika ataionyesha kwanza hapahapa uani, kisha ataipeleka katika shule za Kasokola na Kasekese, ambako watoto wengi wana babu aliyekuja na kundi lakini hawajawahi kuambiwa njia. Televisheni, anasema, itakuja ikitaka.

"Tunavuka lini?" Mzee Manyanda anauliza. Bado uso wake uko kwenye kioo, ingawa picha imeshaisha.

"Mwishoni mwa Novemba, baba. Kama nyie mlivyovuka."

Mkono wa mzee unatafuta kigoda, unakipata, unapanda hadi kwenye ukingo wa kompyuta na kutulia hapo, kama ulivyozoea kutulia kwenye nundu.

"Vusha mapema," anamwambia. "Safari ile tulichelewa."

Hana anavuta kigoda cha pili, anakaa kando yake, na kufungua picha ya kwanza ya maji.